Jinsi ya kujiandaa kwa tamasha la okestra: konserto mbili za piano na baleti moja bila wachezaji

Kuna matamasha ya okestra ambayo unaweza kuingia ukumbini bila maandalizi yoyote ukatoka umeshiba. Tamasha la watunzi Ravel, Prokofiev na Stravinsky si la namna hiyo. Muziki huu unakimbia. Usipojua pa kutegea sikio utakupita kama mwendokasi lisilosimama kituoni kwako, na utabaki ukijiuliza wenzako wanapigia makofi nini.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekulia kwenye kwaya, taarab au dansi, anayejua muziki vizuri ila hajawahi kukaa mbele ya okestra ya watu themanini. Nitatumia ratiba moja kama mfano, kwa sababu kazi hizi tatu nazipenda kuliko nyingine zote za mwanzo wa karne ya ishirini: Konserto ya Piano katika G ya Maurice Ravel (1932), Konserto ya Piano Na. 3 ya Sergei Prokofiev (1921), kisha baada ya mapumziko, Petrushka ya Igor Stravinsky (1911). Konserto ni utungo ambao chombo kimoja husimama mbele kikijibizana na okestra nzima. Petrushka ni muziki wa baleti, lakini kwenye tamasha la namna hii hakuna anayecheza. Utaona wapigaji tu, na hadithi utaibeba mwenyewe kichwani.

Kinachozifunga kazi hizi tatu ni piano. Hata Petrushka, kabla haijawa baleti, ilianza kama utungo wa piano na okestra. Ukiifuata piano tangu mwanzo hadi mwisho, hutapotea.

Hatua ya kwanza: nunua kiti cha kushoto

Mpiga piano hukaa akikuonyesha ubavu wake wa kulia. Vibonyezo viko upande wa kushoto wa jukwaa ukilitazama, na mkia wa piano uko kulia. Aliyekaa kushoto anaona mikono. Aliyekaa kulia anaona uso na mabega. Mara yangu ya kwanza nilikata tiketi ya kulia kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu, na kwenye dakika za mwisho za Prokofiev, pale mikono inapopishana na vidole vinaruka kama vimeshika kaa la moto, nikawa naona mabega yanatikisika tu. Niliumia. Nafuu kiti cha juu kabisa ubavu wa kushoto kuliko cha katikati upande wa kulia.

Kumbi nyingi zina viti vya nyuma ya okestra, na bei yake huwa ndogo. Hivyo ni vizuri sana kwa Petrushka, kwa sababu unamwona mwongozaji uso kwa uso na unawakaribia wapiga ngoma na matarumbeta. Kwa konserto havifai. Kifuniko cha piano hufunguliwa kuelekea wasikilizaji wa mbele ili kiwarushie sauti, kwa hiyo aliye nyuma hupata mgongo wa kifuniko na sauti iliyofifia.

Kwa walio London, msimu wa matamasha ya Proms kiangazi pale Royal Albert Hall una tiketi za kusimama mbele kabisa ya jukwaa, huuzwa siku ileile, na ni rahisi kuliko viti vingi. Vaa viatu vya chini. Walio mbali wasikilize BBC Radio 3, inayorusha Proms moja kwa moja.

Hatua ya pili: sikiliza nyumbani, lakini kidogo

Kosa la wengi ni kujilazimisha kusikiliza kila kitu mara tano kabla ya siku yenyewe. Wanafika wamechoka. Mimi nashauri mara moja kazi nzima, huku unapika au unapiga pasi, kisha urudie mahali pachache tu ambapo sikio litapatambua ukumbini. Kwa hizi konserto mbili, mpiga piano Martha Argerich alirekodi zote akiwa na okestra ya Berlin Philharmonic chini ya mwongozaji Claudio Abbado mwaka 1967. Rekodi hiyo ikutoshe. Ukipata nafasi, isikilize pia ya Prokofiev mwenyewe akipiga konserto yake, aliyorekodi na London Symphony Orchestra mwaka 1932. Sauti ni ya zamani, ina mikwaruzo, lakini utashangaa jinsi alivyokuwa anapiga bila madoido. Kwa Petrushka, mtafute Pierre Monteux akiwa na okestra ya Boston, 1959. Huyu ndiye aliyeongoza onyesho la kwanza kabisa mwaka 1911, kwa hiyo unamsikia mtu aliyekuwepo.

Bando likiwa dogo, pakua haya manne tu: mwanzo wa Ravel, sehemu ya pili ya Ravel yote, mwanzo wa Prokofiev, na onyesho la pili la Petrushka.

Hatua ya tatu: gusa piano kwa mkono wako

Hapa ndipo ninapoomba usiruke. Fungua programu yoyote ya piano kwenye simu, au kinanda cha kanisani kama unakifikia. Bonyeza C, E na G kwa pamoja: do, mi, so ya kawaida kabisa, vibonyezo vyote vyeupe. Kila mwanakwaya anaijua sauti hiyo. Sasa nenda kwenye vibonyezo vyeusi. Utaona vimepangwa vitatu vitatu na viwili viwili. Chukua cha kwanza na cha tatu katika kundi la vitatu, ongeza cha kwanza katika kundi la viwili linalofuata. Hiyo nayo ni do, mi, so, ila ya ufunguo mwingine, na vibonyezo vyote ni vyeusi. Kila moja peke yake ni tamu. Zibonyeze zote mbili kwa wakati mmoja.

Umesikia? Haziendani wala hazitengani. Zinasuguana kama watu wawili waliofungiwa chumba kimoja. Ndiyo sauti ya Petrushka mwenyewe, mwanasesere mwenye moyo wa mtu. Katika onyesho la pili utazisikia klarineti mbili zikiipiga, moja upande mweupe na nyingine upande mweusi, halafu piano inaivunjavunja juu chini. Stravinsky alisema aliiwaza kazi hii akiwa na picha ya mwanasesere aliyepata uhai ghafla, anayeichokoza okestra mpaka inakosa subira na kumjibu kwa matarumbeta. Ukishaibonyeza kwa vidole vyako, hutaisikia tena kama kelele.

Hatua ya nne: jifunze hadithi ya Petrushka kama ngano

Ni Saint Petersburg ya miaka ya 1830, siku za sherehe kabla ya Kwaresima kuanza. Onyesho la kwanza ni gulio: watu wamejaa, walevi, wauza vitu, kinanda cha mitaani (filimbi na klarineti ndizo zinazokiigiza), wachezaji wawili wanaoshindania watazamaji. Anatokea mwanamazingaombwe, anapiga filimbi, na wanasesere watatu wanapata uhai: Petrushka, binti mchezaji, na yule anayeitwa Mori. Wanacheza ngoma ya Kirusi, na hapo piano inang'ara kuliko popote katika onyesho hilo.

Onyesho la pili, Petrushka amefungiwa chumbani mwake, anampenda binti, binti anamkimbia. La tatu, binti anakwenda kwa Mori huku tarumbeta ndogo ikipiga juu ya ngoma, wanacheza mtindo wa valsi, Petrushka anaingia kwa wivu na anafukuzwa. La nne, tumerudi gulioni, ni jioni. Wanapita yaya, mtu na dubu wake (ni tuba hiyo, tarumbeta kubwa ya sauti nzito, inapiga juu kabisa, kwa shida na kwa huzuni), madereva wa farasi, watu waliovaa vinyago. Ghafla Petrushka anatoka mbio, Mori anamfuata, anamkata kwa upanga.

Kabla sijaendelea, nina neno kuhusu huyo Mori. Katika baleti ya 1911 mchezaji alipakwa rangi nyeusi, akaonyeshwa kama mjinga anayechezea nazi, anashindwa kuipasua, kisha anaisujudia. Msomaji wa pwani anayejua nazi ni kitu gani nyumbani hahitaji maelezo kwa nini picha hiyo inachukiza. Ni dharau ya Ulaya ya wakati ule kwa mtu mweusi, na sioni sababu ya kuipaka asali. Ndiyo sababu mojawapo ya mimi kuipenda Petrushka kwenye tamasha bila wachezaji. Muziki wenyewe hauna uso uliopakwa rangi. Una wivu, una mzaha, una mtu aliyefungiwa, na hivyo navichukua vyote. Picha ile naiacha huko ilikozaliwa.

Sasa jambo la kutega sikio. Petrushka anapokufa, mpiga tari ameagizwa na noti alishike tari karibu kabisa na sakafu, aliachie lianguke. Basi. Hakuna ngurumo wala kilio cha matarumbeta. Ni tari tu linaloanguka sakafuni, nawe unajua mtu amekwisha. Mtafute mpiga tari mapema, atakuwa nyuma miongoni mwa wapiga ngoma, na usimwondolee macho baada ya ule mkimbizano.

Kisha mwanamazingaombwe anawaonyesha watu kwamba huyu alikuwa mwanasesere aliyejazwa vumbi la mbao tu. Gulio linatawanyika. Anapomburura kuondoka, mzuka wa Petrushka unatokea juu ya paa, tarumbeta zinapiga kwa ukali ile sauti yako ya vyeupe na vyeusi, na kazi inaisha kwa noti chache za nyuzi zilizodonolewa kwa vidole, chini kabisa.

Tazama kijitabu cha ratiba: kimeandika 1911 au 1947? Stravinsky aliipanga upya baadaye kwa okestra ndogo zaidi. Pia wako wanaotumia mwisho wa kelele unaokata kabla ya kifo. Kwangu huo ni hasara kubwa, maana umetembea na Petrushka njia yote halafu hukufika naye mwisho.

Hatua ya tano: fika mapema kuliko unavyodhani

Milango hufungwa muziki unapoanza, na aliyechelewa husubiri nje mpaka kazi ya kwanza iishe. Ravel ndiye wa kwanza kwenye ratiba yetu, na konserto yake inaanza kwa mlio wa mjeledi: vipande viwili vya mbao vinagonganishwa, paa!, na filimbi ndogo kabisa ya okestra inaondoka mbio. Nimewahi kusikia mlio huo nikiwa upande wa pili wa mlango, tiketi mkononi, kwa sababu ya treni iliyokwama. Nilisimama dakika zote ishirini na mbili nikisikia Ravel kupitia mbao. Tangu siku hiyo nafika saa nzima kabla.

Muda huo una faida nyingine. Utaona wapigaji wakiingia mmoja mmoja na kujipasha moto. Kisha utasikia obo, ndugu wa zumari, ikitoa noti moja ndefu, na wengine wote wanajipima kwayo. Kwa mtu wa taarab hili si geni: fidla, selo na besi unazijua, ila hapa fidla peke yake zinaweza kufika thelathini.

Mavazi hayana sharti. Vaa kama unavyokwenda kwa watu unaowaheshimu. Pipi ya kikohozi ibandue karatasi kabla ya muziki kuanza, si wakati piano iko peke yake. Simu izime kabisa, maana hata mtetemo wake unasikika.

Kuhusu makofi: konserto zote mbili zina sehemu tatu kila moja, na desturi ni kusubiri mpaka ya tatu iishe. Ukiwa na shaka mtazame mwongozaji. Mikono yake ikiwa bado juu, muziki haujaisha hata kama hakuna sauti. Sisi tumezoea taarab, ambapo ubeti ukikugusa unanyanyuka na kwenda kumtunza mwimbaji palepale, na yeye anapata nguvu zaidi. Huku kuguswa kunaonyeshwa kwa kutulia. Mwanzoni niliona ni ukavu. Sasa nimeuzoea ule utulivu wa watu elfu mbili walioshikilia pumzi, nao una utamu wake.

Hatua ya sita: ndani ya ukumbi, nini kwa mpangilio gani

Ravel. Alikuwa amezunguka Marekani mwaka 1928 na kuusikia jazi kwa masikio yake, nao umo kwenye sehemu ya kwanza: tarumbeta zinazoteleza, piano inayojivuta kidogo nyuma ya mdundo. Furahia tu, usichambue.

Hifadhi umakini wako kwa sehemu ya pili. Mwongozaji anashusha mikono na piano inabaki peke yake karibu dakika tatu. Mkono wa kushoto unapiga mdundo uleule, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto. Mkono wa kulia unaimba wimbo mrefu ambao kila ukidhani umefika mwisho unakwenda hatua nyingine. Sikiliza jinsi mikono hiyo miwili isivyokanyaga mahali pamoja: wa kulia unahesabu tatu, wa kushoto unatembea kama unahesabu mbili. Mpiga piano wa kwanza wa kazi hii, Marguerite Long, alipomsifia Ravel kwamba wimbo unatiririka wenyewe, Ravel alimjibu kwamba aliutengeneza vipimo viwili viwili kwa taabu kubwa, huku akiufuata muziki wa Mozart, mtunzi wa zamani, kama kielelezo. Baadaye wimbo unarudi kwenye obo ndefu yenye sauti ya chini, na piano inaupambia pembeni kwa noti nyembamba kama nakshi za hina. Hapo ndipo huwa nafumba macho, na ndipo peke yake ninapokuruhusu uache kuitazama mikono.

Sehemu ya tatu ni ya dakika nne hivi. Ikianza, imeshaisha.

Prokofiev. Inaanza na klarineti moja pekee, wimbo mpole wa kijijini, ya pili inaungana nayo, halafu nyuzi zinaanza kukimbia na piano inaingia kama mtu aliyechelewa kazini. Usidanganywe na ule upole, hautadumu. Prokofiev aliipiga mwenyewe kwa mara ya kwanza Chicago, 16 Desemba 1921, na baadhi ya tungo zilizomo alikuwa amezibeba tangu Urusi ya kabla ya Mapinduzi ya 1917. Sehemu ya pili ni wimbo mmoja unaovalishwa nguo tano tofauti. Zihesabu kwa vidole, kwa sababu usipohesabu utadhani ni nyimbo tano. Ya nne ni ya usiku, baridi na polepole, na kwangu ndiyo kitovu cha kazi nzima. Sehemu ya tatu inafunguliwa na basuni, zumari kubwa ya sauti nzito, ikitembea juu ya nyuzi zinazodonolewa. Ikifika dakika mbili za mwisho, sahau yote niliyoandika na utazame mikono tu.

Mapumziko. Nenda chooni mapema, foleni ni ndefu, kisha rudi kabla ya wengine. Utaona wahudumu wanaiondoa piano pale mbele, na nyingine iko ndani ya okestra, kati ya wapigaji. Atakayeikalia si mgeni mashuhuri aliyepewa maua. Ni mmoja wa okestra, na huenda hata jina lake halikuandikwa kwa herufi kubwa. Msogezee macho yako sasa. Kazi atakayoifanya kwenye ngoma ya Kirusi na kwenye chumba cha Petrushka ni ngumu kama konserto yoyote.

Petrushka. Maonyesho manne yanapigwa bila kusimama, na kati yake kuna ngoma zinazorindima. Kila ukisikia ngoma hizo peke yake, jua pazia limeshuka na linapanda tena. Hiyo ndiyo alama yako ya njia. Kumbuka klarineti mbili, kumbuka dubu, kumbuka tari.

Hatua ya saba: mwisho wenyewe

Nyuzi zikishadonolewa mara ya mwisho, usikimbilie makofi. Subiri mwongozaji ashushe mikono. Baadaye atawasimamisha wapigaji mmoja mmoja: tarumbeta, filimbi, basuni, yule wa piano. Wapigie kwa nguvu, na kama unataka kupiga kelele ya furaha, huu ndio wakati wake.

Ukitaka tamasha la pili la aina hii, tafuta konserto nyingine ya Ravel. Aliiandika sambamba na hii ya G, kwa ajili ya Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Vienna aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni ya mkono wa kushoto peke yake, na ilipigwa mara ya kwanza Januari 1932, mwezi uleule na hii ya G. Kata tiketi ya kushoto tena, karibu uwezavyo. Mkono mmoja unashuka mpaka vibonyezo vya chini kabisa, unaruka kwenda juu kuimba, unarudi chini kabla sauti haijazima, na ukifumba macho utaapa wamekaa wawili.